Nipe Mkono Nipime Presha Kwanza

Mgonjwa wa baridi yabisi akikaa mbele yangu hunionyesha vidole. Ndivyo vilivyomleta, ndivyo vilivyomnyima usingizi. Mimi humwomba kwanza mkono nimpime presha. Nikimaliza nahesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima, kisha namwuliza usiku analala na mito mingapi. Wapo wanaodhani sikuwasikia. Nimewasikia. Nafanya hivyo kwa sababu ugonjwa uliovimbisha vidole vile una njia ya kufika moyoni, na huko mara nyingi huingia bila kupiga hodi.

Mimi ni tabibu. Kazi yangu iko Madimba, Mtwara Vijijini, upande wa barabara iendayo Msimbati. Nchi nzima inatujua kwa mtambo wa kusafisha gesi ya Mnazi Bay, uliokamilika mwaka 2015. Sisi wenyewe tunaishi kwa korosho, mihogo, nazi na bahari, na kazi zote hizo zinadai vidole: kubangua korosho, kukuna nazi, kutwanga, kuchokoa pweza miambani, kushona nyavu. Mwanamke wa huku akianza kuumwa maungio, riziki yake huyumba kabla hajajua jina la ugonjwa. Ndiyo maana yuko tayari kumeza chochote kitakachomrudisha kazini kesho, na hapo ndipo hatari nyingine inapoanzia.

Ugonjwa wenyewe, ambao hospitali huuita rumatoidi athraitisi, huanza pale kinga ya mwili, iliyowekwa ipambane na vijidudu, inapougeukia utando laini unaofunika maungio kwa ndani. Utando unavimba, unapata joto, unanenepa, unaanza kuila gegedu na hatimaye mfupa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa wakiishi nao, na takribani 70 katika kila 100 ni wanawake.

Dalili yake kubwa iko asubuhi. Mama ataniambia kwamba alfajiri hawezi kukamua kanga aliyoifua, lakini jua likipanda vidole vinalegea kidogo kidogo. Ukakamavu huo hudumu saa nzima au zaidi. Uvimbe uko pande zote mbili, mkono wa kulia na wa kushoto, kwenye shina la vidole, vifundo vya kati na vifundo vya mikono, na mara nyingi vidole vya miguu pia. Goti la mzee lililochoka kwa miaka ya kupanda na kushuka shambani huenda kinyume cha hapo: huuma zaidi jioni baada ya kazi, na likipumzishwa hupoa.

Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba ugonjwa huu ni nadra Afrika. Mwaka 1968 daktari Brian Greenwood, aliyekuwa akifanya kazi Nigeria, aliandika katika jarida la Lancet kwamba huenda malaria na vimelea vingine vinawakinga watu na magonjwa ya kinga ya mwili kujishambulia. Maoni yale yalikuwa na uzito, na bado yanachunguzwa. Lakini mkoa wetu una malaria nyingi kuliko mikoa mingi ya Tanzania, na wagonjwa hawa tunao. Kuamini kwamba hawapo ndiko kunakowafanya wengine wazunguke muda mrefu wakipewa dawa za kutuliza maumivu tu.

Ni kweli pia kwamba si kila ungio lililovimba ni ugonjwa huu, na hapa Mtwara tuna sababu ya kulijua hilo kuliko wengine. Mwaka 1952 na 1953, juu ya uwanda wa Makonde upande wa Newala, kulizuka homa iliyowapinda watu kwa maumivu ya maungio. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliieleza kwa maandishi mwaka 1955, na leo dunia nzima inaiita chikungunya, kwa jina la Kimakonde. Huenezwa na mbu aumaye mchana. Wengi hupona baada ya wiki chache, lakini wapo wanaobaki na vidole vilivyovimba kwa miezi mingi, na ukiwatazama kwa macho tu utawachanganya na wagonjwa wa baridi yabisi. Kwa hiyo nauliza: ilianza na homa kali ya ghafla? Jirani naye aliumwa wiki ileile? Majibu yakinitia shaka namwandikia vipimo vya damu afanyiwe mjini.

Mtoto ni habari nyingine kabisa. Akiwa na umri wa miaka 5 hadi 15, akiumwa koo, na wiki mbili tatu baadaye goti likavimba, kisha goti likapoa kifundo cha mguu kikavimba, huyo ana uwezekano wa homa ya baridi yabisi. Maungio yake yatapona yenyewe bila kilema. Vali za moyo ndizo zinazobaki na makovu, na kila homa inayorudi huongeza kovu juu ya kovu. Dawa yake ni penisilini: kutibu koo mapema, na aliyekwisha kuugua kuchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4 kwa miaka mingi. Nalitaja hili kwa sababu wazazi huambiwa na majirani kwamba mtoto ana baridi yabisi kama ya bibi yake, wanampaka mafuta ya kuchua, na miaka inapita.

Sasa nirudi kwa mtu mzima na moyo wake. Kemikali zinazochochea uvimbe kwenye vidole haziishii vidoleni. Zinazunguka na damu mwili mzima. Zinaukwaruza ukuta wa ndani wa mishipa, mafuta yanajishika hapo, yanajenga donge, na donge likipasuka damu inaganda na kuziba njia. Ikizibwa njia ya kwenda kwenye msuli wa moyo, hilo ni shambulio la moyo; ikizibwa njia ya kwenda kwenye ubongo, ni kiharusi. Bati la nyumba ya pwani huliwa na upepo wa chumvi kwa miaka mingi kabla paa halijavuja, na mishipa hii huharibika hivyohivyo, mwenye nyumba akiwa hana habari. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba wagonjwa wa rumatoidi athraitisi hufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa kwa kiwango kinachozidi cha watu wengine kwa takribani asilimia 50. Ndiyo sababu EULAR, jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa maungio, katika mwongozo wake uliochapishwa mwaka 2017 ilishauri kwamba mgonjwa huyu akishakadiriwa hatari ya moyo kwa kanuni za kawaida, jibu lizidishwe kwa 1.5.

Mishipa si mlango pekee. Mfuko unaouzunguka moyo unaweza kuvimba na kujaa maji. Msuli wenyewe unaweza kukakamaa na kuchoka. Vinundu vinavyoota chini ya ngozi ya viwiko vinaweza, kwa nadra, kuota hata kwenye vali au kwenye njia za umeme wa moyo, na mapigo yakapotea mwendo.

Yako mambo mawili yanayowadanganya wagonjwa na sisi wahudumu pamoja. La kwanza ni wembamba. Familia huniambia, "Dokta, huyu ni mwembamba, moyo wake hauna shida." Ugonjwa huu ukiwa mkali humla mtu misuli, na lehemu kwenye damu hushuka. Kipimo cha lehemu kitarudi kizuri, kumbe mishipa inaendelea kuharibika. Uvimbe ukitulizwa kwa dawa, lehemu inaweza kupanda kidogo wakati hatari ya moyo inashuka. Kwa hiyo mwili mwembamba na karatasi nzuri ya maabara haviniondolei wasiwasi.

La pili ni kutotembea. Mtu mwingine mwenye mishipa iliyobana hugundua akipanda kilima: kifua kinabana, anasimama. Mgonjwa wetu magoti na nyayo zilishamsimamisha zamani. Hafiki pale ambapo moyo ungemlalamikia. Zaidi ya hapo anameza vidonge vya maumivu kila siku, na maumivu ya kifua yakija yanakuta yamekwisha kufunikwa. Ndiyo maana katika ugonjwa huu mashambulio ya moyo yasiyo na dalili ni mengi kuliko kawaida. Mimi simwulizi tu kama kifua kinauma. Namwuliza kama kazi aliyoifanya Ramadhani iliyopita bila kuhema, sasa inamhemesha.

Nisimulie habari za mama mmoja, mbanguaji wa korosho, aliyekuja na mwanawe wa kiume.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Baridi yabisi imenishinda. Imetoka mikononi, imeshuka miguuni."

Nilimpima presha: 180 kwa 110. Nikainama nikabonyeza muundi kwa kidole gumba. Nilipoondoa kidole, shimo lilibaki. Ungio lililovimba kwa baridi yabisi huwa na joto na humfanya mtu aruke ukiligusa. Miguu hii ilikuwa ya baridi, haimuumi, na uvimbe ulikuwa umepanda juu ya vifundo hadi karibu na goti.

"Usiku unalalaje, mama?"

"Nakaa, mwanangu. Nikijinyoosha naishiwa pumzi. Si uzee huu?"

Haukuwa uzee. Mwanawe akatoa mfukoni kifuko cha nailoni kisicho na maandishi, chenye vidonge vya rangi mbalimbali, alivyokuwa akimnunulia kwa muda mrefu kwa mtu anayepita na baiskeli akiuza "dawa ya mifupa". Uso wa mama ulikuwa umeviringa, ngozi ya mikono imekuwa nyepesi yenye madoa ya damu iliyovilia, na sukari yake ilikuwa imepanda. Hizo ni alama za mtu aliyemeza dawa za jamii ya prednisoloni au deksamethasoni kwa miezi mingi. Dawa hizi zina mahali pake. Daktari akizitoa kwa kipimo kidogo na kwa muda mfupi humwokoa mtu na mateso. Zikimezwa ovyo hupandisha presha na sukari, huvuta chumvi na maji mwilini na kudhoofisha mifupa. Wala hazikatwi ghafla, kwa sababu mwili uliozizoea umeacha kutengeneza za kwake, na mtu anaweza kuzimia na kufa. Lazima zipunguzwe taratibu chini ya uangalizi.

Kijana aliinamisha kichwa. "Dokta, mimi nilitaka mama apate nafuu tu." Nilimwambia ukweli: nia yake ilikuwa njema, na kazi iliyobaki bado inamhitaji yeye. Tulimwandikia mama rufaa kwenda Ligula, hospitali ya mkoa mjini Mtwara. Picha ilionyesha moyo uliotanuka, kipimo cha eko kikaonyesha unasukuma damu kwa udhaifu, na damu ikathibitisha ugonjwa wa maungio. Alipewa dawa za kutoa maji na za presha, zile za zamani zikapunguzwa hatua kwa hatua, na baadaye akaanzishiwa dawa inayoutuliza ugonjwa wenyewe. Leo analala kitandani. Vidole viwili vimebaki vimepinda, korosho anabangua chache kuliko zamani, lakini anakwenda sokoni kwa miguu yake na kila mwezi anakuja na daftari lake la presha.

Kwa wenzetu wa maduka ya dawa muhimu nina neno la heshima. Mpango wa maduka haya ulianzia mkoa jirani wa Ruvuma mwaka 2003, na vijijini umeokoa wengi. Lakini diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, inatoka dukani kama peremende, ya vidonge na ya sindano. Tunajua madhara yake. Dawa ya jamii hiyo iitwayo Vioxx ilikuwa ikimezwa na mamilioni ya watu hadi tarehe 30 Septemba 2004, kampuni ya Merck ilipoiondoa sokoni kwa sababu ya mashambulio ya moyo na viharusi. Mwaka 2013 uchambuzi mkubwa ulioongozwa na watafiti wa Oxford ulionyesha kwamba diklofenaki ya kipimo kikubwa ina hatari ya aina hiyohiyo: katika kila watu 1,000 wanaoitumia kwa mwaka mmoja, 3 zaidi watapata tukio kubwa la moyo au mishipa, na mmoja kati yao atafariki. Uwezekano wa kulazwa kwa moyo kushindwa kazi nao huongezeka takribani mara mbili. Mwaka huohuo mamlaka ya dawa ya Ulaya ilizuia isipewe mtu mwenye ugonjwa wa moyo au aliyewahi kupata kiharusi. Haimo kabisa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Kwa hiyo naomba: anayenunua diklofenaki mara ya pili ndani ya mwezi kwa ajili ya maungio yaleyale, asiuziwe ya tatu kabla hajapimwa presha. Akiwa na presha, miguu inavimba au ana historia ya kiharusi, asiuziwe kabisa, aletwe kwetu.

Tiba ya kweli ya ugonjwa huu ni kuuzima uvimbe, na kadiri unavyozimwa mapema ndivyo maungio na moyo vinavyosalimika pamoja. Dawa ya msingi ni methotreksati, dawa ya zamani na ya bei nafuu ukilinganisha na zile mpya. Utafiti uliofanywa Wichita, Marekani, kwa wagonjwa 1,240, ukachapishwa katika Lancet mwaka 2002, ulikuta waliotumia methotreksati walikuwa na vifo vya moyo na mishipa pungufu kwa takribani asilimia 70 kuliko wasioitumia. Hata tukikumbuka kwamba utafiti wa namna hiyo hauwezi kuondoa kila tofauti kati ya wagonjwa, ujumbe wake uko wazi: kutibu maungio ipasavyo ni kuulinda moyo.

Lakini methotreksati inataka adabu. Humezwa mara moja kwa wiki. Aliyeimeza kila siku kwa kudhani ni kama dawa nyingine amejitia sumu. Mimi humwambia mgonjwa achague siku, wengi huchagua Ijumaa, na namwandikia mwanawe au mjukuu wake siku hiyo kwenye daftari. Huambatana na vidonge vya folik asidi. Mama mwenye mimba au anayetarajia mimba haruhusiwi hata kuigusa, kwa hiyo mazungumzo ya uzazi wa mpango yanakuja kabla ya dawa. Damu na ini hupimwa mara kwa mara. Msimu wa mabibo ukifika nasema waziwazi: uraka, pombe ya mabibo, na methotreksati havikai ini moja. Na kabla ya kuanza lazima tutafute kifua kikuu, maana dawa inayotuliza kinga inaweza kukiamsha kilicholala. Kifua kikuu ndicho pia kisababishi kikubwa cha maji kujaa kwenye mfuko wa moyo katika nchi zetu. Mgonjwa wa maungio akigundulika ana maji hayo, tusiharakishe kusema ni baridi yabisi tu.

Nyumbani kuna kazi ambayo hakuna dawa itakayoifanya. Ng'onda ni tamu, nami nimelelewa nayo, lakini samaki aliyekaushwa kwa chumvi kila siku ni presha sahanini. Samaki mbichi na dagaa wasiotiwa chumvi wapewe nafasi yao, na bahari yetu inao. Sigara na msokoto viachwe: tumbaku huongeza uwezekano wa kuugua ugonjwa huu na huharibu mishipa ileile. Mgonjwa asifungiwe ndani kwa huruma. Mwendo wa taratibu jioni, kwa kadiri maungio yanavyoruhusu, ni mazoezi ya moyo. Nyumba iliyozoea kumnyang'anya mama kila kazi imwachie zile anazoziweza.

Na kuna dalili zisizosubiri kesho. Kifua kubana kwa zaidi ya dakika chache, hasa maumivu yakipanda shingoni, taya au mkono wa kushoto. Maumivu ya kifua yanayozidi akilala chali na kupungua akiinama mbele. Kuamka usiku ukitafuta hewa. Miguu kuvimba na kubaki na shimo ukiibonyeza. Moyo kwenda mbio bila mpango. Kuzimia. Mdomo kupinda au mkono kuishiwa nguvu ghafla. Mwenye moja ya hizo aletwe kituoni saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, hata kama boti ya samaki haijarudi na nauli haijapatikana. Nauli itatafutwa akiwa njiani. Sisi tutampima na kumpeleka mjini, na panapohitajika uchunguzi mkubwa ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam, iliyoanzishwa 2015, ili Mtanzania asilazimike kutafuta tiba ya moyo ng'ambo.

Ninachotaka kwa wenzangu na kwa wakubwa wetu wa wilaya na mkoa hakihitaji jengo jipya. Siku ya kliniki ya presha na kisukari ipo tayari, mashine ya kupimia ipo, daftari lipo. Wagonjwa wa maungio waandikishwe katika kliniki hiyohiyo. Kila mwezi wapimwe presha, mapigo na uzito, sukari kila inapowezekana, waulizwe habari ya pumzi, na wakaguliwe vidonge vyote wanavyomeza, vya hospitali na vya mtaani, vikiwa vimemwagwa juu ya meza. Methotreksati na folik asidi ziwepo karibu, mgonjwa asilazimike kuacha dozi kwa kukosa nauli ya kwenda mjini. Na yeyote anayeamka na vidole vilivyokakamaa kwa zaidi ya wiki 6 apelekwe kwa daktari mwaka huohuo wa kwanza, wakati bado kuna vidole vya kuokoa na moyo ambao haujaguswa.

Haya tunayaweza hapa Madimba. Nayafanya kila wiki, na wagonjwa wanaokuja kwa miguu yao wakiwa na madaftari mkononi ndio ushahidi wangu kwamba yanawezekana.